Siku Kumi za Dima

Asubuhi ile Dima aligonga kichwa kwenye mti aliokuwa akiupita kila siku tangu wahamie pale. Aligonga, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda palepale akagonga tena.

Sabdio alikuwa akikama. Alisimama na kibuyu mkononi akimtazama mbwa, na hakuwa peke yake aliyeona. Molu, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa mlangoni pa zizi la ndama na fimbo yake begani. Naye aliona.

"Mbwa huyo," alisema Molu. Hakumaliza.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya Idd, mwaka wa tisini na nane. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamewatoa katika makao yao tangu mwezi wa kumi na moja, wakakimbilia mwinuko mmoja usiozidi upana wa kiwanja cha mpira, si mbali sana na kijiji cha Hewani, maji pande tatu. Mukhtar, mume wa Sabdio, alikuwa ameondoka na kundi kubwa la ng'ombe kutafuta ardhi kavu huko juu. Nyuma walibaki Sabdio, ng'ombe sita wa maziwa na ndama wao, mbuzi wachache, punda, Molu na watu wa nyumba yake, na Dima.

Dima kwa Kiorma ni mwekundu, na ujanani alikuwa mwekundu kweli, kama udongo wa kichuguu. Sasa alikuwa na miaka kumi na moja na uso mzima umejaa mvi. Hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Alikuwa mbwa wa zizi. Alilala nje, alikula katika chombo chake, na mate yake yalipomgusa mtu, mtu huyo alijiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Sabdio alifuata hayo yote bila kukosa. Lakini ndiye aliyemlisha tangu akiwa mdogo wa kutoshea kwenye kikapu, na ndiye aliyemshona kwa uzi wa gunia mwaka ule fisi walipoingia zizini na Dima akapigana nao peke yake mpaka watu wakafika. Sikio lake la kushoto lilibaki katika vita hivyo.

Molu alisogea. Dima aligeuka upande wa sauti, akatoa meno. Molu alikuwa mtu aliyemjua maisha yake yote. Macho ya mbwa yalikuwa yameingia ukungu, meupe yenye rangi ya samawati, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mate yalimning'inia mdomoni.

"Shemeji, ni gandi," Sabdio alisema haraka. Gandi ndio ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na mwaka ule mbung'o walikuwa wengi kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. "Angalia alivyokonda. Angalia nywele zilivyosimama. Yule ndama mweusi alianza hivihivi."

"Ndama haumi watu."

"Dima hajauma mtu."

"Huko Ndera kuna mbwa ameuma wawili wiki iliyopita. Wenyewe nao walisema hivyohivyo, mbwa wetu huyu, tunamjua."

Sabdio alichota maji katika kibati cha Dima, akakiweka chini, akakisukuma mbele kwa mguu. Mbwa alinusa, akainamisha kichwa, akanywa. Alikunywa taratibu na kwa shida, lakini alikunywa.

"Umeona? Mwenye kichaa hanywi maji."

Molu aliangalia maji yakitikisika katika kibati. "Ruwaida alikunywa maji siku ya kwanza," alisema. "Na ya pili."

Ruwaida alikuwa binti wa Molu. Mbwa wa kupita alimuuma kwenye goti alipokuwa na miaka tisa, kidonda kikapona, na baada ya mwezi mmoja na nusu akafa kifo ambacho waliokishuhudia hawakukisimulia. Miaka tisa ilikuwa imepita, na katika miaka yote hiyo Sabdio hakuwahi kumsikia Molu akilitaja jina hilo.

"Mfunge," Molu alisema mwishowe. "Kule kwenye ule mti wa mkoma, mbali na watoto. Akiacha kunywa, au akianza kuuma hata kamba, sitakuja kukuuliza. Mkuki wangu ninao."

Siku ile na siku ya pili Sabdio alikwenda kwenye mkoma kila alipomaliza kazi. Alimwekea Dima matawi ya kivuli. Alimfukuzia mbung'o kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Alishika ufizi wake akauona umepauka kama wa mnyama aliyeishiwa damu, na mwili wake ulikuwa moto wa kuunguza. Nyama hakutaka. Maziwa aliyalamba kidogo, kisha akalala ubavu na kuhema.

Jioni ya siku ya pili alikataa hata maziwa. Sabdio aliona kwamba bila chakula hatafika kesho, hivyo akamkalisha kati ya magoti yake, akampanua mdomo kwa kidole gumba na kummiminia maziwa kwa ukingo wa shavu. Yalikwenda vizuri mara tatu. Mara ya nne Dima alipaliwa, akakohoa, taya likafunga ghafla.

Sabdio alivuta mkono. Palikuwa na tundu dogo chini ya ukucha wa gumba, na tone la damu likatoka polepole.

Alikaa akilitazama. Dima alikuwa amelaza kichwa juu ya mguu wa Sabdio, amechoka, hajui alilofanya. Hakuwa amemuuma kwa kutaka. Lakini jino ni jino na mate ni mate.

Aliinuka akaenda ukingoni mwa maji, akasugua kidole kwa sabuni ya kufulia mpaka kikawasha, akasugua kwa udongo, akasugua tena kwa sabuni. Kisha akachana kipande cha kanga ya zamani, akajifunga, na alipoulizwa na mke wa Molu alisema amejikata na kisu.

Hakulala vizuri. Alfajiri alikwenda kwanza kwenye mkoma. Dima alikuwa hai. Akateremka majini kumngoja Jairus.

Jairus alikuwa Mpokomo wa Hewani, mzee wa kanisa, mwenye mtumbwi mrefu aliouchonga mwenyewe. Tangu barabara ifunikwe ndiye aliyekuwa akivusha watu kwenda Garsen. Alimpokea Sabdio bila maneno mengi, akampa kopo la kuchotea maji yaliyoingia mtumbwini.

Walipita mahali ambapo hapakuwa na mto wala nchi kavu. Vichwa vya miembe vilitokeza juu ya maji. "Hapa chini ni mpunga wangu," alisema Jairus, akielekeza kwa kidevu. Baadaye aliinua kasia akanyamaza, na Sabdio akaona maji yakivimba mbele yao, mgongo wa kiboko ukipanda na kushuka. Walikaa kimya, mtumbwi ukichukuliwa na mkondo kando kando, mpaka mgongo ule ukaonekana tena mbali zaidi. Sabdio alishangaa kwamba hakuogopa. Hofu yake yote ilikuwa katika kidole kimoja.

"Mama, mkono huo umefanya nini?" Jairus aliuliza.

"Kisu."

Jairus aliuangalia mkono, akamwangalia yeye, akaendelea kupiga kasia.

Garsen ilikuwa imejaa watu waliokimbia maji. Bwana mifugo, aliyeitwa Godhana, Sabdio alimkuta chini ya bati la duka lililofungwa, amezungukwa na wafugaji, kila mmoja na habari za mbuzi waliotupa mimba na ndama waliokufa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Sabdio alingoja zamu yake, akaeleza: macho yenye ukungu, homa ya kwenda na kurudi, ufizi mweupe, kukonda, kujigonga.

"Ng'ombe?"

"Mbwa."

Wanaume wawili walicheka. Godhana hakucheka. "Anakunywa?"

"Mpaka jana."

"Gandi," alisema Godhana. "Macho kuwa hivyo ni gandi, nadhani. Lakini sijamwona, na kwa mbwa siwezi kuapa. Uzito wake?"

Sabdio alifikiri. "Nikimbeba ni kama debe la mahindi. Zamani alikuwa zaidi."

Godhana alitoa pakiti moja ya dawa ya unga wa njano, ileile wafugaji waliyoizoea, chupa ndogo tupu na bomba la sindano. "Nisikilize vizuri. Umeshawahi kudunga ng'ombe?"

"Miaka ishirini."

"Basi sahau hiyo miaka. Ng'ombe ukimzidishia husimama tu akakutazama. Mbwa hastahimili. Ukimzidishia kidogo, kichwa kitatikisika, atazunguka na kuanguka, na hutaweza kumsaidia. Chemsha maji, yaache yapoe, jaza chupa hii mpaka hapa, tia pakiti yote, tikisa. Kisha vuta mpaka hapa tu." Alichora kwa kalamu mstari kwenye bomba. Ulikuwa karibu na chini kabisa. "Usiudharau mstari wangu. Usiongeze hata tone."

Sabdio alipokea vitu, akavifunga katika pindo la vazi lake. Hakuondoka.

"Daktari. Mtu akiguswa na jino la mbwa kama huyo, si kuumwa, kuguswa tu..."

Godhana aliangalia kile kitambaa kwenye gumba. Akawaambia wale wengine wasogee. Alisubiri mpaka wakasogea.

"Lini?"

"Jana jioni."

"Sindano za watu ziko Malindi, na barabara ya Malindi iko chini ya maji. Ikifunguka kesho, nenda kesho. Usipite hata kunisalimia." Alikifungua kidole, akakitazama, akakifunga. "Lakini iko njia moja ya kujua. Mbwa mwenye kichaa, tangu siku aliyokuuma, hamalizi siku kumi. Akizimaliza akiwa hai, hakukupa kitu. Umenielewa? Asiuawe. Na asife kwa gandi pia, kwa sababu akifa siku ya tatu hatutajua amekufa kwa ugonjwa gani. Itabidi tungoje tu."

"Tungoje nini?"

Godhana alikuwa ameshaanza kumwita mtu aliyefuata.

Jairus alimrudisha alasiri, jua likiwa bado kali. Kutoka mbali, kabla mtumbwi haujagusa ardhi, Sabdio aliuona mkoma na aliona mtu amesimama chini yake. Aliruka majini yakamfika magotini, akakimbia.

Molu alikuwa na mkuki mkononi. Kibati cha maji kilikuwa kimejaa mbele ya Dima, nzi wakielea juu yake. Mbwa alikuwa amelala, ulimi nje, na kamba ya shingoni ilikuwa imetafunwa nusu.

"Hajanywa tangu uondoke," alisema Molu. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Sabdio kuliko kelele. "Na kamba unaiona. Nilikuambia. Nilikungoja urudi kwa heshima yako tu."

"Shemeji, nimeleta dawa."

"Rudi nyuma, Sabdio."

"Godhana amesema ni gandi."

"Godhana hakuwa nyumbani kwangu mwaka ule. Rudi nyuma."

Alikuwa amekwisha kuinua mkono. Sabdio alijitia kati, akang'oa kile kitambaa, akaweka gumba lake mbele ya uso wa Molu.

Molu aliona. Alichukua muda kuelewa. Kisha uso wake ukawa wa kijivu, na mkuki ukashuka wenyewe mpaka ncha ikagusa mchanga.

"Jana," Sabdio alisema. "Alipaliwa na maziwa. Ukimuua leo, shemeji, kila siku utakayoniona nikinywa maji utaniangalia. Na mimi nitajiangalia. Mwezi, miezi miwili, mitatu. Akiishi siku kumi, mimi ni mzima. Nimeambiwa hivyo. Ninamtaka huyu mbwa aishi siku kumi."

Molu alikaa chini, pale pale mchangani. Sabdio hakuwahi kumwona amekaa hivyo. Alificha uso kwa mikono yake mikubwa. Alipoiondoa, aliuliza, "Dawa inatiwaje?"

Walichemsha maji. Walingoja yapoe, na kungoja huko kulikuwa kurefu. Sabdio alijaza chupa, akatia unga, akatikisa mpaka maji yakawa ya njano safi. Alivuta mpaka kwenye mstari wa kalamu, akainua bomba juu kuelekea mwanga, akarudisha tone, akavuta tena. Bomba lilionekana kama tupu. Mkono wake ulioshika madume wa Mukhtar kwa miaka ishirini ulimwambia kwamba hiyo haimtoshi hata panya. Hakuongeza.

"Mtu wa kumshika," alisema.

Alitegemea Molu amwite mmoja wa watu wa nyumba yake, au akatae. Molu alivua shuka lake, akalikunja juu ya mkono wa kushoto, akapiga magoti nyuma ya Dima. Mkono mmoja aliuweka juu ya taya, mwingine akaukumbatia mwili. Jasho lilimtiririka shingoni. Macho ameyafumba.

"Haraka," alisema huku amekaza meno.

Sabdio alidunga kwenye nyama ya paja. Dima hata hakushtuka.

Molu alimwachia, akarudi nyuma, akaenda majini. Alijiosha mikono mara saba, akihesabu kwa sauti. Kisha akarudi, akakaa umbali wa hatua kumi, akatazama.

Baada ya muda mfupi mbwa alianza kutetemeka. Ilianzia miguuni ikapanda. Kichwa kilitikisika. Mstari, aliwaza, je, nilipita mstari? Alilichukua bomba akaliangalia, kana kwamba lingeweza kumjibu. Dima alinyoosha miguu yote minne, akajikojolea, akatulia kabisa.

"Amekufa?" aliuliza Molu.

Sabdio aliweka kiganja mbavuni. Hakusikia kitu. Alikandamiza zaidi. Kisha, mbali sana ndani, kitu kilipanda na kushuka.

"Bado," alisema.

Walihesabu kuanzia siku ya jino. Siku ya tatu na ya nne Dima alilala tu. Siku ya tano alifungua macho na Sabdio akammiminia maji kwa kijiko chenye mpini mrefu, bila kuingiza tena kidole. Siku ya sita homa ilikuwa imeshuka. Sabdio aliweka kiganja kwenye tumbo la mbwa, akakiweka kwenye tumbo lake mwenyewe, akaona hakuna tofauti kubwa. Mchana wa siku hiyo Dima aliinuka kwa miguu ya mbele, akaanguka, akainuka tena.

Lakini siku ya nane asubuhi hakunywa. Aligeuza uso kila kibati kiliposogezwa. Taya lilimlegea upande mmoja, au Sabdio alidhani limelegea; aliliangalia mpaka hakujua tena taya la mbwa linakaaje. Siku hiyo yeye mwenyewe alisikia koo limekauka na alipoinua kikombe cha chai mkono ukagoma. Alikishika mbele ya midomo akangoja, kisha akameza kwa nguvu, akameza tena, akamaliza kikombe kizima. Alipogeuka, Molu alikuwa mlangoni akimtazama.

Molu aliingia zizini, akachagua beberu mmoja, akachinja, ingawa haikuwa sikukuu wala hakukuwa na mgeni. Alikwenda mwenyewe kwenye mkoma na vipande vya ini kwenye jani, akaviweka chini, akavisogeza kwa ncha ya fimbo.

Dima alinusa. Alinusa muda mrefu. Kisha akatwaa kipande, akakitafuna upande wa kulia, akakimeza. Akatwaa cha pili. Alipomaliza alitambaa mpaka kwenye kibati akanywa, akanywa, mpaka kikatoa sauti ya bati tupu.

"Ana jino bovu," alisema Molu. "Kushoto. Ndiyo maana." Alisema hivyo kwa ukali, kama mtu anayemkemea mwenzake, na akaondoka haraka bila kumwangalia Sabdio.

Siku ya kumi ilipita. Sabdio alingoja jua lizame kabisa, akangoja tena kesho yake lichomoze, ili asijidanganye katika kuhesabu. Dima alikuwa amekaa chini ya mkoma, kichwa juu, jicho moja limeanza kusafika na jingine bado lina ukungu. Alimsikia Sabdio akija, akapiga mkia mchangani. Sabdio alikaa karibu naye, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze, mpaka wanawake wa kambini wakaja kuuliza kama mbwa amekufa.

Jairus alipeleka habari Garsen na kurudi na salamu za Godhana. Alisema bwana mifugo aliposikia alikaa chini juu ya kreti ya soda na kuomba kikombe cha chai.

Wiki moja baadaye maji yalikuwa yameteremka kiasi cha kutosha, na Molu akatoa amri ya kuhama kurudi kwenye malisho. Walibomoa nyumba, wakafunga miti na mikeka juu ya punda. Dima aliweza kutembea, lakini si safari ya siku nzima kwenye matope. Sabdio alikuwa akifikiri atambeba vipi mgongoni pamoja na vibuyu, alipomwona Molu akimleta punda wake mwenyewe, yule mweupe, na magunia mawili ya zamani yaliyoshonwa pamoja yametandikwa mgongoni.

"Mnyanyue wewe," alisema Molu. "Mimi nashika punda."

Ndivyo walivyopita kando ya mashamba ya Hewani asubuhi ile, ng'ombe mbele, ndama nyuma yao, na mbwa mzee mwenye sikio moja amekaa juu ya punda kama kadhi. Watu waliokuwa wakipanda upya mpunga waliinuka wakashika viuno. Kijana mmoja alipiga mluzi, mwingine akauliza kwa sauti kama Waorma siku hizi wanaozesha mbwa.

Molu alisimamisha punda. Alimtazama yule kijana mpaka kicheko kikamwisha.

"Anaumwa," alisema Molu, akalegeza kamba, wakaendelea na safari.